Tundu la Chini

Asubuhi ile mke wangu aliniamsha kwa kunivuta kidole gumba cha mguu. Ndivyo alivyozoea. Alisema kumwita mtu aliyelala ni kumshtua, na kumtikisa bega ni kumgombeza.

"Amka, Fundi. Jua limekutangulia."

Tukanywa chai. Jua lilipogusa mapipa ndani ya kibanda chetu cha nailoni, alikwenda kwenye ukuta wa chumba chetu, akainama taratibu akafungua kilango cha tundu la chini. Kisha akapanda kigoda akafungua cha juu. Joto likaingia na harufu ya majani ya nyanya.

"Karibu ndani," aliiambia hewa, kama anayempokea mgeni.

Nikamwambia mgeni wake huyo kila siku anakuja mikono mitupu.

"Anakuja na joto. Wewe ulipokuja kuniposa ulikuja na nini?"

"Na mwiko."

"Haya, nyamaza basi."

Nikaenda kupiga lipu ukuta wa mtu mtaa wa pili. Mchana niliporudi nilimkuta ameketi juu ya debe, mkono mmoja kifuani, mkasi bado umo vidoleni. Tukakaa hospitali siku nne. Siku ya tano nilirudi nyumbani na viatu vyake ndani ya mfuko.

Msibani, shemeji yangu, kaka wa marehemu, alisimama mbele ya watu. Akasema, "Dada yangu angekuwa kwa binti yake, leo angekuwa hai. Huyu mzee alimpanda kwenye nailoni kama mche."

Watu waliinamisha vichwa. Pale hapakuwa mahali pa kumjibu. Sasa naandika ilivyokuwa.

Mke wangu alishona maturubai ya malori. Mtaani waliacha jina lake wakamwita Mama Turubai. Alitandaza turubai sakafuni, akapiga magoti juu yake na sindano ndefu kama kidole, na kipande cha ngozi kiganjani cha kuisukumia. Miaka thelathini. Turubai la lori lina vumbi la kila barabara lilikopita, na vumbi hilo lote alilivuta yeye. Juu yake ongeza moshi. Kwetu ni juu, baridi yake inaingia mifupani, na miezi ya baridi tulikuwa tunaingiza jiko la mkaa chumbani.

Kifua kikachoka. Kikohozi chake kilijulikana. Madereva hawakuuliza kama yupo, walisimama nje wakasikiliza.

Daktari alisema maneno mawili. Moshi hapana. Baridi hapana.

Sasa nyumba isiyo na moto, mahali kama petu, utaipashaje? Binti yetu alikuwa na jibu. Tuna mtoto huyo mmoja, ni muuguzi, anafanya kazi mji wa chini kwenye joto, safari ya kutwa nzima.

"Mama, twende kwangu. Kwangu watu wanalala bila blanketi."

"Na baba yako?"

Binti akaangalia pembeni. Anakaa nyumba za wauguzi, chumba kimoja, na ndani yake nafasi ya mtu mmoja wa kuongeza. Hakuwa na ubaya. Chumba kilikuwa kidogo, basi.

Mke wangu akaomba miezi miwili. Binti akakubali, lakini kwa masharti, maana amemrithi mama yake.

"Baridi ikikaza nitakuja. Nitalala humu humu na kipimajoto. Alfajiri kikisoma chini ya kumi na nane, unaondoka na mimi. Sitaki kelele."

"Na kikifika?"

"Kikifika nitanyamaza mimi."

Tukaachwa na miezi miwili.

Wazo alilitoa mke wangu, kwenye shamba la maua. Walimwita kuwatengenezea kingo za paa, kwa sababu paa lao ni la nailoni na upepo ulikuwa umelichana. Alirudi jioni akanikuta nakoroga uji.

"Mzee, kule ndani nimevua sweta."

"Umevua sweta mbele za watu?"

"Nimevua sweta, na sijakohoa tangu saa nne. Hakuna moto kule. Ni jua tu na nailoni. Tujenge kibanda kama chao, tukigandishe kwenye ukuta wetu wa chumbani."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Kesho yake alirudi na magunia mawili ya vipande vya nailoni walivyokuwa wanatupa.

Akaviunga. Nailoni huwezi kuishona hivi hivi. Kila tundu la sindano ni mwanzo wa kuchanika. Yeye alikunja kila ukingo ndani ya utepe wa turubai, mikunjo mitatu, akashona juu ya utepe, kisha akapigilia vijicho vya chuma vya kupitishia kamba. Sikuona hata uzi mmoja uliokwenda upande. Mimi nilijenga msingi wa matofali hadi magotini, nikasimamisha mbao, nikapima kwa timazi. Tukaegemeza kibanda kwenye ukuta wa chumba, upande unaoonwa na jua tangu asubuhi mpaka jioni. Ndani yake tukapanga mapipa saba ya mafuta, tukayajaza maji, tukayapaka rangi nyeusi. Mchana yanakunywa jua. Usiku yanalitoa kidogo kidogo, na ukuta wangu unalipokea.

Mpaka hapo tulikuwa tunaelewana. Ugomvi ulikuja kwenye matundu.

Alitaka nitoboe ukuta mara mbili, juu karibu na dari na chini karibu na sakafu. Nimekuwa mwashi kwa zaidi ya miaka arobaini. Kazi yangu ni kuziba. Neno langu kwa kila mwenye nyumba lilikuwa lile lile la wahenga, usipoziba ufa utajenga ukuta.

"Hiyo ni ya ufa," akasema. "Mimi nataka tundu. Sikiliza. Hewa ya moto inapanda kama moshi, inaingia humu kwa tundu la juu. Hewa ya baridi ni nzito, inatoka kwa la chini, inarudi kibandani kupashwa. Ni kama lori. Linaleta mzigo, linarudi tupu kuchukua mwingine. Ukilifungia njia ya kurudi, kesho utaletewa na nani?"

Nikasema ndiyo. Ilikuwa ndiyo ya mume aliyechoka. Nilitoboa, nikaweka vilango vya mbao. Vilifunguliwa jua likishika mapipa na kufungwa jua likiyaacha.

Nisiseme uongo, kilifanya kazi. Miche ya nyanya na hoho ilijaa rafu. Nguo zilikauka humo siku za mawingu. Maji ya kuoga tulichota pipani yakiwa vuguvugu. Na chumbani kwetu, bila kijinga kimoja cha moto, mtu alikaa na shati tu. Kikohozi kikapungua hadi dereva mmoja akagonga mlango kuuliza kama Mama Turubai yupo au amehama.

Zikabaki siku tisa binti aje. Mke wangu akapata homa.

Haikuwa kubwa, lakini ilimlaza. Nilimpa uji, nikamfunika. Jioni ile hakuna aliyekumbuka vilango. Nilikuwa nimekaa miguuni pa kitanda nikahisi baridi kwenye vifundo vya miguu. Nikaweka mkono kwenye tundu la chini. Baridi ilikuwa inamwagika kama maji ya mfereji, inakuja moja kwa moja kitandani kwake.

Sikujua kwamba jua likishatua, vilango vikiachwa wazi, mwendo wa hewa unageuka. Nilichojua ni kwamba nimemkamata mwizi.

Asubuhi, yeye bado amelala, nilikoroga bakuli la saruji na mchanga. Saruji nikaitia kwa wingi. Nikachukua nusu tofali, nikaziba tundu la chini, nikalainisha upande wa chumbani na upande wa kibandani. Kwa ndani nikasogeza sanduku la nguo mbele yake. Kwa nje palikuwa na pipa. Usingeona kitu. Ilikuwa kazi safi, nikajisifu moyoni.

Sikumwambia kwa sababu alikuwa amelala. Alipoamka sikumwambia kwa sababu alikuwa mgonjwa. Alipopata nafuu nilimwambia neno moja tu.

"Usiiname tena. Vilango niachie mimi, na sanduku nitalisogeza mwenyewe."

"Leo umekuwa mtu wa huruma," akasema. "Nani kafa?"

Siku zilizofuata mambo yakaharibika, na sisi tukitazama. Kibandani kukawa tanuru. Miche ikalala, majani yakaungua pembeni kama karatasi. Chumbani kukawa baridi kama kisimani. Kikohozi kikarudi, kwanza alfajiri, kisha usiku kucha. Alikagua nailoni, akakagua kila mshono kwa vidole, akaamini kosa ni lake. Alifumua utepe mzima wa paa akaushona upya, anakohoa, anashona. Mimi nilimshikia ngazi. Nilikuwa nawaza kwamba kama baridi bado inaingia, basi tundu la juu nalo ni mwizi, na saruji ilikuwa imebaki kidogo.

Namshukuru Mungu sikuwahi kuliziba.

Binti akafika jioni na begi lake. Alikuwa na ruhusa ya siku mbili. Alilala na mama yake, mimi nikalala kwenye kochi. Nilisikia kile kikohozi usiku kucha. Alfajiri akatoka na kipimajoto.

"Kumi na mbili, Baba."

Hakupandisha sauti. Akaanza kukunja nguo za mama yake. Basi lao lingeondoka kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi.

Mke wangu akajifunga blanketi, akaingia kibandani. Alirudi ameshika uzi wa kushonea. Akapanda kigoda, akauning'iniza mbele ya tundu la juu. Jua lilikuwa limeanza kutoka kwenye mawingu, mapipa yanang'aa. Uzi ulinyooka chini kama timazi. Haukucheza.

"Hewa haitembei," akasema. Akashuka. "Fundi, la chini umelifungua?"

Binti naye akageuka. Wote wawili wakanitazama.

Nilijua hapo. Kichwa changu kizito kiliona lile lori limesimama, halina pa kurudi. Nikaona pia kitu kingine. Nikisema, binti atasema mama haponi mikononi mwa mzee huyu, na atakuwa na haki. Nisiposema, anaondoka vile vile kesho. Mficha uchi hazai.

"Nimeliziba."

"Umeliziba na nini?" binti akauliza. "Na tambara?"

"Na saruji."

Nilivuta sanduku. Binti akachuchumaa akapapasa ukuta, akainuka amekunja ngumi.

"Baba! Ulitaka kumuua?"

"Nilitaka kumkinga."

"Kumkinga! Na muda huu wote, wiki nzima anakohoa, anapanda ngazi, wewe umekaa kimya kama nguzo?"

Mke wangu alikaa kitandani, akashika magoti. Nikadhani analia. Alikuwa anahesabu.

"Jua litakaa mpaka saa kumi," akasema. "Likipata muda wa saa nne tu kwenye mapipa, na njia iko wazi, tutaona. Mwanangu, nyamaza kwanza. Fundi, toboa."

"Vumbi," nikasema.

"Nitakaa nje."

"Nje kuna baridi."

"Basi toboa upesi."

Binti alimpeleka uani, akamfunika mablanketi mawili na turubai juu. Nikachukua nyundo na patasi.

Nimebomoa kuta nyingi. Sijapata kukutana na saruji kama ile. Tangu nilipoiweka ilikuwa imekaa siku tisa, na nilikuwa nimeikoroga kwa ajili ya mke wangu, sikubania. Patasi iliruka. Nikipiga polepole, inachubuka unga. Nikipiga kwa nguvu, matofali ya juu yanatetemeka, na ukuta huo ndio uliobeba mbao za kibanda. Ukilegea, nailoni, mbao, vyote vinashuka juu ya mapipa. Kila nikisimama kupumua nilimsikia huko nje anakohoa. Halafu nasikia kimya. Kimya kilikuwa kibaya zaidi.

Saa tano mawingu yakafunika jua. Nilijua bila kutazama, mwanga wa kwenye tundu la juu ulikufa.

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeanza kukataa niliposikia, ng'o, ng'o, upande wa pili wa ukuta. Nikasimama. Ikapiga tena. Binti alikuwa amesukuma pipa lile, sijui kwa nguvu gani, ameingia nyuma yake na nyundo ya misumari na bisibisi.

"Mimi napiga hapa chini kushoto," akasema kupitia kwenye tundu la juu. "Wewe?"

"Kulia. Usipige katikati. Fuata kiungo."

"Kiungo ndiyo nini?"

"Mstari wa saruji. Ufuate kama mkunjo wa nguo."

Tukapiga. Yeye moja, mimi moja. Nilisikia pumzi zake na yeye alisikia zangu. Kucha za vidole vyangu viwili zilikuwa zimetoka damu. Saa sita ikapita. Kwenye saa saba hivi lile nusu tofali lilitikisika kama jino, nikalivuta, na kupitia pale nikaona jicho la mwanangu, jekundu kwa vumbi.

"Baba," akasema, "uliziba hili kana kwamba kuna mtu anataka kutoka."

Tulifagia, tukamwaga maji sakafuni vumbi likae, tukamrudisha mke wangu ndani. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Alikataa kulala. Alitaka kigoda. Nikampandisha, nikamshika kiuno, akaning'iniza uzi.

Haukucheza. Mawingu bado yalikuwapo.

Tukangoja. Sijui muda gani. Binti alishika mkono wa mama yake, anahesabu mapigo. Mimi nilitazama uzi. Kisha ukutani ukaja mwanga, mdogo, ukafifia, ukarudi. Uzi ukasogea upande wa chumba. Ukarudi. Ukasogea tena, ukabaki umeinama, kama mtu anayesikiliza.

Hakuna aliyeshangilia. Jua lilitupa kama saa mbili tu, nne hazikutimia. Saa kumi kasoro likajificha na halikurudi. Mke wangu aliinama mwenyewe akafunga kilango cha chini, akanipa ishara nifunge cha juu. Akalala na binti. Nami kwenye kochi nikasikiliza. Alikohoa mara moja, akageuka. Halafu sikusikia tena kitu, nikaogopa. Nikanyanyuka nikasimama mlangoni. Alikuwa anapumua, na binti alikuwa macho, ananitazama, kidole mdomoni.

Alfajiri. Begi lilikuwa mlangoni limefungwa. Binti alichukua kipimajoto ukutani, akakipeleka dirishani penye mwanga, akakitazama, akakigeuza, akakitazama tena. Mimi namba zake ndogo sizioni. Nilimtazama yeye usoni.

"Kumi na saba," akasema.

Nikalinyanyua begi. Ahadi ni ahadi, na aliyevunja kitu katika nyumba ile nilikuwa mimi. Lilikuwa jepesi. Nguo zake zote za miaka arobaini na mbili kwangu, jepesi vile.

"Mzee, weka begi chini," mke wangu akasema.

"Mama, tulikubaliana kumi na nane," binti akasema. Sauti yake ilikuwa inakatika. "Ulikubali mwenyewe."

Mke wangu aliketi kitandani, akafunga kitambaa kichwani. Tangu kile kikohozi kimoja cha usiku hakuwa amekohoa. Aliishi ndani ya chumba hicho miaka mitatu zaidi. Shemeji hakuwapo asubuhi ile, kwa hiyo namwandikia alichosema dada yake, sikuongeza na sikupunguza:

"Kumi na saba ya kwangu inanitosha, mwanangu. Hiyo kumi na nane ya kwako ikae huko huko, nitakuja kuitembelea."